Jinsi ya kukagua tundu la bolti la bawa kwa edikarenti

Tarehe 4 Aprili 2018, huko Daytona Beach, Florida, ndege ndogo ya mafunzo ya chuo kimoja cha urubani, aina ya Piper PA-28R-201, iligusa njia, ikaongeza nguvu ipae tena, na bawa lake la kushoto likang'oka ikiwa bado inapanda. Mwanafunzi na mtahini wake walikufa wote wawili. Ndege haikuwa kuukuu: ilitengenezwa 2007 na ilikuwa imeruka takriban saa 7,690. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walikuta ufa wa uchovu wa metali kwenye ukanda wa chini wa mhimili mkuu wa bawa, ufa ulioanzia kwenye tundu la bolti inayofunga bawa na bodi. Ndege nyingine ya chuo hichohicho ilipokaguliwa nayo ikakutwa na ufa.

Ufa wa namna hii jicho haliufikii. Umekaa kwenye ukuta wa tundu, na bolti imeliziba tundu hilo tangu ndege ilipotoka kiwandani. Hata bolti ikitoka na ukamulika kwa tochi, ufa wa nusu milimita ndani ya tundu jembamba utaupita bila kuuona. Kwa hiyo mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo namba 2020-26-16, lililoanza kutumika Februari 2021, kwamba aina kadhaa za PA-28 na PA-32 zikaguliwe matundu hayo kwa edikarenti, yaani kwa mikondo ya umeme inayojizungusha ndani ya metali. Piper ni ndege ya kawaida kwenye vyuo vya urubani, hata huku kwetu Afrika Mashariki, na fundi anayezihudumia atakutana na kazi hii siku moja.

Haya ninayoandika ni kwa fundi aliyekwisha kusomea ukaguzi usioharibu kifaa, au anayejiandaa kwa mtihani, na anataka kujua kazi yenyewe inavyokwenda mkononi. Namba za mwisho ziko kwenye waraka wa mtengenezaji, nao ndio unaofuatwa. Agizo lenyewe linataka mkaguzi mwenye ngazi ya pili au ya tatu ya edikarenti chini ya NAS 410, kiwango cha sifa za wakaguzi wa namna hii, au kiwango kinacholingana nacho. Wenzetu wa Ulaya hutumia EN 4179, nacho ni pacha wa hicho.

Kinachotokea ndani ya metali

Koili ndogo iliyopitishiwa umeme wa kubadilikabadilika hutoa uga wa sumaku. Ukiiweka karibu na alumini, uga huo huamsha ndani ya alumini mikondo midogo ya umeme inayojizungusha, kama kisulisuli kinavyozungusha vumbi uwanjani. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake unaoupinga ule wa koili, na koili huuhisi upinzani huo. Ufa ukikatiza njia, mikondo hulazimika kuuzunguka, upinzani hupungua, na nukta ya mwanga kwenye skrini husogea.

Shida ni kwamba nukta hiyo husogezwa na mambo chungu nzima. Aloi ikibadilika, inasogea. Joto likibadilika, inasogea. Probu, yaani kijiti kinachobeba koili, ikiinuka kidogo, ikikaribia ukingo, ikipita juu ya mabaki ya rangi, ikikutana na kipande cha chuma, inasogea. Mashine hailijui neno «ufa». Inachojua ni kwamba hapa si sawa na pale ulipoisawazisha. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuifundisha tofauti ipi ni ya ufa, na kuziondoa tofauti nyingine kabla hazijaanza kusema. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla probu haijaingia kwenye tundu la ndege.

Anza na vitabu vya ndege

Si kila Piper inatakiwa kufunguliwa. Agizo lina hesabu yake, na ni hesabu ya busara, kwa sababu kuitoa bolti iliyokaa miaka arobaini kunaweza kulikwaruza tundu lililokuwa zima.

Chukua idadi ya ukaguzi wa saa 100 ambao ndege imewahi kufanyiwa, zidisha kwa 100. Hizo ndizo saa za kazi ngumu: mafunzo, kukodishwa, kutua na kupaa mchana kutwa. Toa saa hizo kwenye jumla ya saa za ndege. Zinazobaki zigawe kwa 17, kisha jumlisha sehemu mbili hizo. Jibu likifika 5,000, ndege inakaguliwa.

Tuseme ndege ya chuo ina saa 6,000 na imefanyiwa ukaguzi wa saa 100 mara 55. Saa ngumu ni 5,500. Zilizobaki 500 ukizigawa kwa 17 unapata 29. Jumla 5,529: fungua. Ndege ya mtu binafsi yenye saa 6,000 zilezile, iliyofanyiwa ukaguzi huo mara 5 tu, ina saa ngumu 500 na zilizobaki 5,500 zinazogeuka 324. Jumla 824: iache.

Vitabu vikiwa pungufu, hesabu haina msingi, na agizo linataka ndege ikaguliwe. Hali ni hiyohiyo kwa bawa lililobadilishwa kwa kuwekewa mhimili uliokwisha kutumika kwingine. Huku kwetu, ambako ndege hizi nyingi zimekuja zikiwa zimepita mikononi mwa watu wanne au watano, hili si jambo la nadra. Vitabu vyote vifunguliwe mezani kabla hujagusa spana.

Kuchagua probu

Probu ya penseli ndiyo ya kwanza kila mmoja anayofundishwa: ncha nyembamba, koili moja mwisho, unaipitisha juu ya uso wa metali kama unayeandika. Ziko zilizonyooka na zilizopinda nyuzi 90 kwa ajili ya pembe finyu. Nunua au azima yenye kinga, maana kinga huubana uga chini ya ncha, na hapo unaweza kupita karibu na kichwa cha ribiti au ukingo bila nukta kukimbia ovyo. Kwa uso wa metali inafaa sana. Ndani ya tundu haina kazi.

Kwa tundu kuna probu za tundu la bolti, na ziko za namna mbili.

Ya kwanza huzungushwa kwa mkono. Ni kijiti chenye koili ubavuni karibu na ncha, na kina pete inayobanwa kwa skrubu ndogo ili kuamua koili iingie kina gani. Koili yake kwa kawaida ni moja inayopima peke yake, kwa hiyo huhisi kila kitu: ufa, uduara mbaya wa tundu, kuinuka kwa probu, hata mkono wako ukitetemeka. Ni ya bei nafuu, na hakuna kitu bora kuliko hiyo cha kuthibitisha jambo ulilolitilia shaka.

Ya pili hufungwa kwenye skana, yaani mota ndogo ya mkononi inayoizungusha probu mara elfu moja na zaidi kwa dakika. Wengi mtakuwa mmeiona MiniMite au Spitfire zinazofungwa kwenye mashine za Nortec. Rohmann wa Ujerumani wana zao za Elotest. Probu za skana aghalabu zina koili mbili zinazolinganishwa. Fikiria mizani ya vitanga viwili: ukiweka mzigo sawa pande zote, mshale hautikisiki. Tundu likiwa limepanuka kidogo kote, koili zote mbili zinahisi sawa na mizani inatulia. Ufa hupita chini ya koili moja kwanza, kisha ya pili, na mizani inayumba huku, halafu kule.

Kipenyo ndicho kinachoharibu kazi za wengi. Probu inayopwaya hugongagonga ukuta, na makelele yake yanaficha ufa mdogo. Iliyobana sana huvunjika, na probu hizi si za bei ya kuchezea. Nyingi zina mpasuko kichwani ili zitanuke kidogo. Unataka iingie kwa kukaza kidogo sana, kama kidole kinavyoingia kwenye pete inayokitosha. Funika kichwa kwa safu moja ya mkanda wa tefloni kuzuia kusagika, na mkanda uleule uwepo wakati wa kuseti. Ukiubandika baada ya kuseti, umeibadilishia probu umbali wake na ukuta.

Masafa

Mikondo haizami sana. Kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo inavyobaki juu juu. Hesabu yake ni rahisi na inafaa uiweke kichwani: kina katika milimita ni 50 mara mzizi wa pili wa (ukinzani wa metali kugawa kwa masafa), ukinzani ukiwa katika mikroomu-sentimita na masafa katika hezi. Hiyo ni kwa metali zisizovutwa na sumaku. Kwenye kina hicho nguvu ya mikondo imebaki takriban asilimia 37 ya ile ya juu.

Aloi ya alumini 2024-T3 hupitisha umeme kama asilimia 30 ya shaba safi, ambayo ni ukinzani wa takriban 5.75. Kwa kilohezi 500, kina ni milimita 0.17. Kwa kilohezi 1, kina ni milimita 3.8. Titani ya 6Al-4V hupitisha kama asilimia 1 tu, kwa hiyo hata kwa megahezi 2 mikondo huzama karibu nusu milimita.

Ufa wa tundu la bolti huanzia ukutani, usoni kabisa, hivyo tunatafuta masafa ya juu. Kwa alumini, kilohezi 500 ni mahali pazuri pa kuanzia, na waraka ukitaja namba nyingine, hiyo ndiyo yako.

Masafa ya chini yana kazi yake kwingine. Kwenye bodi ya ndege ya abiria bati mbili hupishana na kufungwa kwa safu za ribiti, na ufa ukiwa kwenye bati la ndani utahitaji kilohezi chache na probu ya kuteleza, inayopita juu ya safu ya ribiti. Umuhimu wa kazi hiyo dunia iliuona tarehe 28 Aprili 1988, pale Boeing 737-200 ya Aloha Airlines, yenye mizunguko 89,680 ya kupaa na kutua, ilipopoteza paa la sehemu ya mbele ya kabini angani juu ya Hawaii. Nyufa ndogondogo kwenye matundu ya ribiti yaliyo jirani ziliungana zikawa moja. Agizo la kukagua baadhi ya maungio hayo kwa macho, na kwa edikarenti pale ufa unapoonekana, lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka uliotangulia, 1987. Hiyo ni kazi nyingine, yenye mwongozo wake.

Kipande cha rejea

Hiki ndicho mwalimu wa mashine. Ni kipande cha aloi iliyo sawa au karibu sawa na ya ndege kwa upitishaji umeme, chenye tundu la kipenyo kilekile, na ndani yake mkato mwembamba uliochongwa kwa cheche za umeme. Kwa matundu ya bolti mkato uliozoeleka ni wa kona, milimita 0.76 kwa 0.76, ule mafundi wanaouita thelathini thau, yaani sehemu 30 kati ya elfu za inchi. Kwa probu ya penseli kipande huwa na mikato mitatu ya kina cha milimita 0.2, 0.5 na 1.0.

Hakiki cheti chake na namba yake. Kisha kiweke karibu na ndege angalau nusu saa kabla ya kazi. Nimeona kipande kikitolewa kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kupelekwa moja kwa moja hangani mchana wa Februari, bati za mabawa zikiwa moto. Upitishaji umeme wa alumini hushuka joto likipanda, kwa hiyo fundi alikuwa ameiseti mashine kwa metali baridi, kisha akaenda kupima metali moto. Nukta ilihama muda wote, naye akailaumu waya ya probu.

Kuseti kwenyewe ni hivi:

1. Washa mashine iachwe ipate moto kwa dakika 10 au 15. Weka masafa.

2. Ingiza probu mahali pasipo na mkato, sawazisha, nukta ikae katikati ya skrini.

3. Kwa probu ya mkono, iinue kidogo kutoka ukutani na urudishe, huku ukizungusha pembe ya mashine mpaka mwendo wa kuinuka ulale mlalo, ukielekea kushoto. Hapo umeitenga tabia ya mkono wako kwenye mstari mmoja, na chochote kinachopanda juu kina sababu nyingine.

4. Pitisha probu kwenye mkato. Nukta ipande juu. Ongeza ukuzaji wa wima mpaka mkato ufike kimo kilichotajwa kwenye waraka. Mara nyingi ni asilimia 80 ya skrini. Wengi huweka ukuzaji wa wima kuwa mkubwa kuliko wa mlalo ili ufa uonekane na mtikisiko wa probu upungue.

5. Weka kengele kwenye kiwango kinachotakiwa. Andika mpangilio wote, hata kama mashine inauhifadhi.

Kwa skana kuna jambo la ziada: machujio. Tundu la milimita 10 lina mzingo wa milimita 31.4. Mota ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, koili inapita ukutani kwa kasi ya milimita 785 kwa sekunde. Ufa unapita chini ya koili kwa elfu mbili tu za sekunde, au hata pungufu ya hapo. Uduara mbaya wa tundu, kwa upande wake, hujitokeza mara mbili tu kwa kila mzunguko, yaani mara 50 kwa sekunde. Chujio la chini huondoa mambo haya ya polepole, na chujio la juu huondoa makelele ya umeme yaliyo ya haraka kupita kiasi. Ukibadilisha mwendo wa mota au kipenyo cha probu, ufa nao umebadilisha kasi yake mbele ya koili, na machujio yasiporekebishwa yanaweza kuufuta pamoja na takataka. Kwa hiyo kila kipenyo kina mpangilio wake. Usihamie tundu kubwa zaidi kwa mpangilio wa lile dogo.

Kuandaa tundu

Waraka unaonyesha jinsi ya kufikia matundu ya chini yaliyo nje kabisa, mawili kwa kila bawa, la mbele na la nyuma ya ubavu wa mhimili. Uzito wa bawa ubebwe kama inavyoelekezwa kabla bolti haijaguswa, maana bolti iliyobebeshwa mzigo haitoki bila kuchana ukuta. Nati ndiyo inayozungushwa. Bolti yenyewe isizungushwe ndani ya tundu. Iguse polepole na isipigwe nyundo ya chuma. Kila bolti iwekwe alama ya tundu lake.

Safisha kwa kiyeyushi kilichoruhusiwa na pamba ya kijiti mpaka pamba itoke nyeupe. Kunaweza kuwa na mabaki ya silanti, grisi, na unga mweupe wa ulikaji. Unga mweupe ukiuona, simama: hiyo tayari ni habari, na inaandikwa hata kama edikarenti haitapata kitu. Usipitishe msasa wala rima kwa mawazo yako mwenyewe. Kulipanua tundu la mhimili wa bawa ni matengenezo makubwa yenye idhini yake, na kulisugua kunaweza kuufuta mdomo wa ufa bila kuuondoa ufa.

Kupima

Weka tundu katika saa ya ukutani: saa 12 ielekee mbele ya ndege, saa 3 upande mmoja wa bawa, na uchore alama kwa kalamu inayoruhusiwa kwenye alumini. Kila mtu hangani aijue saa hiyo. Ripoti inayosema «ufa upande wa kulia» haina maana kwa mtu aliyelala chini ya bawa akitazama juu.

Kwa mkono, funga pete ili koili iwe ndani kidogo tu ya mdomo wa tundu, sawazisha, zungusha mzunguko kamili taratibu, kisha teremsha pete kwa takriban milimita 0.6, sawazisha, zungusha tena. Endelea hivyo hadi mdomo wa pili. Hatua zikizidi upana wa koili, unaacha ukanda usiopimwa, na ufa wa kona hupenda kukaa kwenye ukanda wa mwisho kabisa, pale ambapo ukingo wenyewe unasogeza nukta. Kwa ukingo, sawazisha ukiwa kwenye ukingo, na mkato wako wa rejea uwe wa kona. Usitegemee mkato wa katikati ya tundu ukufundishe ukingo.

Kwa skana, ingiza probu ikiwa inazunguka, isukume polepole kwa mwendo mmoja, kisha uirudishe. Tazama skrini zote mbili kama mashine inaruhusu: ile ya nukta na ile ya mstari unaosafiri kwa kila mzunguko. Mstari ndio unaokuambia ni saa ngapi. Shika skana ikiwa imenyooka sambamba na tundu. Ikiegama, upande mmoja unainuka na makelele yanapanda. Kwa fundi anayeanza, dakika kumi za kufanya mazoezi kwenye kipande cha rejea tu, bila kutazama ndege, zinalipa kuliko saa nzima ya kubahatisha.

Kusoma kilichotokea

Hapa ndipo mtu anapojulikana kama ni fundi. Ishara ya ufa kwa koili mbili zinazolinganishwa ni umbo la nane lililosimama, lenye pembe ileile ya mkato wa rejea, na kwenye mstari ni mwiba mwembamba unaorudi mahali palepale pa saa kila mzunguko. Isogeze probu milimita moja ndani: mwiba unakua, unafika kilele, unapungua. Hilo ni jambo lenye mwanzo na mwisho.

Mkwaruzo uliotokana na bolti nao ni mwembamba na hurudi, lakini mara nyingi huenda urefu mzima wa tundu kwa kimo kilekile kidogo, na jicho na kioo chenye kukuza vitauona. Mpaka kati ya vipande viwili vya metali, kama tundu limepita mhimili na kisanduku cha bodi, hujitokeza mzingo mzima kwa kina kimoja, hauna saa. Tundu lililokuwa yai linainua mawimbi mapana mawili kwa mzunguko. Kidoa cha ulikaji kinaweza kufanana na ufa mpaka ukashindwa kuvitenga, na hapo hakuna haja ya kubishana na skrini, kwa sababu ufa wa uchovu hupenda kuanzia kwenye vidoa kama hivyo. Mwaka 2019 huko Australia, karibu na Mount Isa, Cessna T210M ilipoteza bawa kwa ufa ulioanzia kwenye kidoa cha ulikaji kwenye mhimili unaopita katikati ya bodi.

Mimi mwenyewe niliwahi kupata ishara nzuri kupindukia, kubwa mara mbili ya mkato, nikamwita msimamizi kwa mbio. Aliitazama, akaniuliza kama naona pembe yake. Sikuwa nimeitazama, nilikuwa nimetazama kimo tu. Nukta ilikuwa inaelekea upande ambao mkato wangu haukuwahi kuelekea. Pamba ya kijiti ilitoka na kipande cha chuma chembamba kama unywele kilichobanduka kwenye bolti. Chuma huvuta uga badala ya kuupinga, na ishara yake hugeuka upande mwingine.

Fikiria pia mahali pa saa. Bawa likiwa angani ukanda wa chini wa mhimili unavutwa kuelekea ncha na kuelekea bodi. Tundu katika bati linalovutwa hivyo huchoka zaidi kwenye pande zilizo mtambuka na mvuto, yaani mbele na nyuma. Kwa saa yetu ni karibu na saa 12 na saa 6. Ishara iliyo hapo inastahili shaka kubwa zaidi kuliko iliyo saa 3 au 9, ingawa popote itakapotokea itafuatiliwa.

Ishara ikivuka kengele

Usiitangaze bado. Safisha tundu tena, rudi kwenye kipande cha rejea uone mkato bado unafika kimo chake, kisha pima tena. Ikirudi, badilisha probu: kama ilipatikana kwa skana, ithibitishe kwa probu ya mkono. Ikirudi tena, mwite mkaguzi wa pili mwenye ngazi, naye apime bila kuambiwa ni saa ngapi. Mkikubaliana, ndege imesimama. Agizo haliruhusu kuutoboa ufa mbele yake ili usimame, wala kuufuatilia kila saa 50. Mhimili unabadilishwa, na kama unaletwa uliokwisha kutumika, nao uwe umekaguliwa.

Mwenye ndege atakasirika, na atauliza kama inawezekana mashine imekosea. Mpe karatasi yenye namba ya tundu, kina, saa, kimo cha ishara, pembe, masafa, namba ya probu, namba ya kipande cha rejea na picha ya skrini, na jina la aliyethibitisha. Kwa matundu yaliyo safi andika vilevile, maana miaka kumi baadaye mtu atataka kujua ulipima kwa kifaa gani na kwa mkato upi.

Bolti zikirudi ziwe zile ambazo waraka unaruhusu, zikazwe kwa toki iliyoandikwa, na nati ndiyo izungushwe.

Kabla ya kufunga sanduku, rudisha probu kwenye kipande cha rejea mara ya mwisho. Mkato ukifika kimo ulichouseti asubuhi, weka saini. Ukiwa umepungua, hujui ulipungua saa ngapi, na matundu yote manne yanapimwa upya kuanzia la kwanza.